Kusoma Kutoka Mwisho

Kiwandani walimwita Jicho, na jina hilo hakupewa bure. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, yule mama anayeketi meza ya pembeni na kalamu nyekundu na rula, akisoma kila karatasi kabla mtambo haujaigeuza kuwa nakala elfu. Herufi mbaya ikimponyoka leo, kesho iko mikononi mwa watu elfu, na nani atawafuata nyumba kwa nyumba kuifuta? Kwa hiyo haikumponyoka. Kadi za harusi, vitabu vya shule, ratiba za mazishi, vipeperushi vya dawa ya meno, vyote vilipita chini ya jicho lake vikatoka vimenyooka.

Siri yake ilikuwa moja, nayo alirithishwa na mzee aliyemtangulia kwenye kile kiti. Alisoma kutoka mwisho. Aliweka rula chini ya mstari wa mwisho wa ukurasa wa mwisho, akausoma, akaipandisha mstari mmoja juu, kisha mwingine, mpaka akafika kwenye kichwa. "Ukisoma kama watu," mzee alimwambia, "maneno yatakubeba, na aliyebebwa haangalii njia." Na ni kweli. Ukisoma kutoka chini kwenda juu, hadithi haipo, mzaha haupo, kilio hakipo. Yapo maneno tu, moja moja, kama vyombo vilivyopangwa kabatini. Jicho angeweza kusahihisha barua ya mapenzi asijue nani kampenda nani. Wenzake walimtania kwamba amesoma vitabu mia tano na hakuna hata kimoja anachoweza kukusimulia, naye alicheka pamoja nao, tena kwa majivuno.

Nyumbani alikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka kumi na sita, ambaye tangu alipojua kusema aliitwa Chiriku. Ungemsikia kabla hujamwona. Alisimulia akila, alisimulia akioga, alisimulia akiwa na homa. Alipofika darasa la tatu alianza kuandika hadithi zake kwenye madaftari, na mama yake akashukuru, maana angalau daftari lilikuwa na mwisho. Baba yake alikwenda zake zamani kuanza maisha mengine, na hatuna haja ya kumtafuta sasa.

Mwaka huu Chiriku alinyamaza. Hakunyamaza kwa siku moja, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Kwanza aliacha kusimulia mezani. Kisha akaanza kuacha nusu ya chakula, baadaye akawa anakigusa tu. Usiku taa yake iliwaka, asubuhi macho yalikuwa mekundu, na mama akiuliza, jibu lilikuwa moja: "Naandika." Katika nyumba ile neno hilo lilitosha kumfunga mtu mdomo. Mtu akiwa kazini hasumbuliwi. Ndivyo Jicho alivyolelewa, na ndivyo alivyolea. Tena kazi yenyewe ilisifiwa kila kona. Wenzake wa klabu ya waandishi pale shuleni walimpigia makofi kila aliposoma, na kadiri hadithi zake zilivyozidi giza ndivyo makofi yalivyozidi. Mwalimu wa klabu, kijana mwenye nia njema na upeo mfupi, alimwandikia chini ya insha: "Una kipaji cha huzuni, usikipoteze." Majirani nao wakasema wasanii ndivyo walivyo, wana mambo yao. Wahenga walishaonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wahenga hawakuwa na mtoto anayeleta vyeti vya uandishi nyumbani.

Jumapili Chiriku aliingia jikoni na karatasi saba zilizobanwa kwa pini. Klabu ilikuwa inatoa kijitabu, na kazi ya kukichapa ililetwa kiwandani kwa mama yake.

"Mama, nisomee hii."

"Weka hapo, nimalize vyombo."

"Uisome tu, mama. Si lazima usahihishe."

Jicho alicheka. Mwambie kuku asichakure uone kama atakusikia. Akafuta mikono, akachukua rula na kalamu nyekundu, akageuza karatasi ya saba juu na kuanza na mstari wa mwisho. Chiriku alikaa kwenye stuli mbele yake muda wote ule, viganja vimebanwa katikati ya magoti, akimtazama usoni. Zilipita dakika arobaini. Makosa yalikuwa kumi na moja. Koma zilizokosea mahali, nafasi zilizozidi, na sehemu moja mtoto aliandika alhamisi kwa herufi ndogo, mama akaweka kubwa. Juu ya ukurasa wa kwanza aliandika: "Safi sana, mwanangu."

"Umeisoma yote?" Chiriku aliuliza.

"Mstari kwa mstari. Hata nukta haikunipita."

"Na umeonaje?"

"Si nimekuandikia hapo? Safi."

Chiriku aliutazama ule wino mwekundu. "Haya," akasema. "Asante, mama." Kisha akamkumbatia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwaka jana. Usiku ule Jicho alilala usingizi wa kushiba.

Wiki iliyofuata Chiriku alikuwa mtu mwingine. Alitulia, na mara mbili alicheka. Jumatatu alimpa redio yake binti wa Mama Saluni, jirani wa ghorofa ya chini. Jumanne kalamu zake za rangi zilikwenda kwa mtoto wa binamu, na Jumatano lile koti la buluu alilolililia mwaka mzima alimvalisha rafiki yake wa darasani. Jicho aliyasimulia hayo kiwandani kwa furaha. Mtoto amekua, alisema. Ana mkono wazi kama marehemu bibi yake.

Ikafika Alhamisi. Alhamisi kiwanda kilichapa gazeti la wiki, na wafanyakazi walitoka saa mbili usiku. Chiriku alibaki nyumbani peke yake, maana shule iliwapa wiki ya kujisomea kabla ya mitihani. Saa tano asubuhi kijitabu cha klabu kilikuwa mtamboni, kikichapwa kabla ya gazeti, na aliyesimamia mtambo ni Bwana Wino.

Bwana Wino alikuwa mtu mnene, vidole vyeusi hata siku ya harusi yake. Tofauti na Jicho, yeye alisoma kila kilichotoka mtamboni, polepole, midomo ikicheza, kuanzia juu. Vichekesho vilimchekesha, ratiba za mazishi zilimliza, hata za watu asiowajua. Jicho alimwona ni mtoto aliyeota ndevu. Basi alipomwona anakuja na karatasi mbichi mkononi, alijua kuna jambo, ila hakujua ni jambo gani.

"Kuna kosa?" akauliza.

"Hakuna kosa." Bwana Wino hakuketi. "Hii hadithi ya Chiriku, dada, umeisoma?"

"Nimeisahihisha Jumapili."

"Sijauliza hivyo."

Akamwekea karatasi mezani, akaiweka ile rula pembeni kwa kidole chake cheusi. "Isome kama mimi. Anzia juu."

Jicho akaanzia juu. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, alimsikia mtoto wake. Ilikuwa hadithi ya msichana ambaye kichwani mwake kuna kelele za chumba kilichojaa watu, na watu hao hawaendi makwao. Msichana haonji ladha ya chakula. Usiku anaiogopa mikono yake mwenyewe, anailalia ili ajue iko wapi. Watu wanampigia makofi anapoeleza namna anavyozama, wanamwambia aeleze tena. Anaanza kugawa vitu vyake, redio, kalamu, koti, ili kila kitu kiwe na mwenyewe. Na kabla ya yote anamwandikia mama yake ukweli wote, anauweka mikononi mwake. *Mama akiniuliza, nitasema. Asiponiuliza, nitajua la kufanya. Nimechagua Alhamisi, kwa sababu Alhamisi mama huchelewa kurudi.*

Ile A kubwa ya kwanza aliiweka yeye Jicho, Jumapili, kwa kalamu nyekundu.

Mtambo uliokuwa ukinguruma nyuma yake akausikia kama uko nyumba ya tatu. Akainua simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena. Mara ya nne vidole vilikuwa vinabonyeza namba zisizokuwepo.

"Ni leo," akasema. "Ni leo, Wino. Leo ni Alhamisi."

Bwana Wino alirudi mtamboni akauzima. Kiwanda kizima kikainua vichwa, kwa sababu mtambo ule haukuwahi kuzimwa katikati ya kazi, hata siku bati la paa liliporuka. "Gari la mizigo," aliwaambia. "Nipeni ufunguo. Msiniulize."

Ndani ya gari, katikati ya marobota ya karatasi, Jicho alipiga simu ya Chiriku tena na tena, kisha akampigia Mama Saluni. Alimsikia akipanda ngazi na kandambili zake, akihema, akigonga.

"Chiriku! Wee Chiriku! Fungua, ni mimi mama yako wa chini!" Akagonga tena. "Haitiki, Mama Chiriku. Nimegonga mpaka vidole vinauma. Labda katoka?"

"Viatu vyake viko mlangoni?"

Mama Saluni aliinama kutazama. "Viko," akasema, na sauti yake ikawa nyingine. "Vyote viko."

"Usiondoke hapo. Endelea kumwita. Mwite tu, usinyamaze."

Barabara ilikuwa na magari kama kawaida ya barabara siku ukiwa na haraka ya kufa na kupona. Bwana Wino alipanda ukingo, akapiga honi, akatukanwa na mtu wa baiskeli, akaomba radhi bila kupunguza mwendo. Jicho alikuwa anaomba Mungu, na katikati ya sala alikuwa anajitukana. Kurasa saba. Alizishika mkononi, mtoto ameketi mbele yake, akatafuta koma.

"Mdogo wangu alikuwa mpiga gitaa," Bwana Wino alisema ghafla, macho mbele. "Alikuwa na miaka kumi na nane. Alikuwa halali wiki nzima, sisi tukasema usanii umempanda kichwani. Tulikuwa tunamfungia mlango ili asisumbuliwe." Akabadilisha gia. "Ukimkuta, muulize wazi wazi. Usizunguke."

"Nikimuuliza si nitamtia wazo?"

"Wazo analo, dada. Kaliandika kurasa saba. Sisi wetu hatukumuuliza."

Jengo lilikuwa na ghorofa tatu, na Jicho alikaa ya juu. Hakukumbuka baadaye alivyopanda. Alimkuta Mama Saluni amepiga magoti mlangoni, brashi ya nywele bado mkononi, akiita jina la mtoto kwa sauti iliyokwisha kukauka. Ufunguo ulikataa tundu. Bwana Wino aliushika mkono wa Jicho kwa mkono wake mweusi, wakaufungua mlango pamoja.

Sebule ilikuwa tupu. Jikoni sufuria zote zilikuwa safi. Chumba cha Chiriku, ambacho kwa kawaida ungehitaji jembe kukipita, kilikuwa kimefagiwa, kitanda kimetandikwa, madaftari yamefungwa kamba na kila fungu limeandikwa jina la mtu. Jicho aliona fungu lenye jina "Mama". Alifungua bafu huku amefumba macho, kisha akajilazimisha kuyafumbua. Hakuna mtu. Alitazama nyuma ya mlango, kwenye kabati, akatoka kibarazani na kuinama kwenye ukuta mfupi kutazama chini, na huo ndio muda mrefu kuliko yote aliyowahi kuishi. Chini kulikuwa na ndoo za Mama Saluni na paka.

Alikuwa ametafuta kila mahali isipokuwa chumbani mwake mwenyewe. Hakuna anayetafuta kitu cha mtoto chumbani kwa mama.

Chiriku alikuwa sakafuni, katikati ya kitanda cha mama yake na ukuta, amejikunja, amevaa sweta kuukuu la mama yake la kazini. Macho yalikuwa wazi. Simu ilikuwa mkononi mwake, na kioo kilionyesha amepigiwa mara kumi na sita.

Jicho hakumrukia, ingawa mwili mzima ulitaka kumrukia. Aliteremka taratibu mpaka sakafuni, akajibana kwenye ile nafasi finyu, goti kwa goti.

"Umekunywa kitu? Umekula kitu?"

"Hapana," Chiriku alisema. "Bado."

Lile *bado* lilimwingia Jicho mpaka kwenye mifupa. Akataka kupiga yowe, akakumbuka aliloambiwa garini.

"Chiriku. Unataka kufa?"

Ulimi wake haukuwahi kubeba maneno mazito kama hayo. Mtoto alimtazama kama mtu aliyekuwa akisubiri basi lisilokuja, na sasa limekuja, hajui kama ni lenyewe.

"Asubuhi nilitaka," akasema. "Sasa hivi sijui. Nimechoka, mama. Nataka kelele ziishe. Na naogopa. Nilikuwa naogopa chumbani kwangu nikaja huku."

"Mbona hukupokea simu?"

"Ningesema niko sawa. Nimezoea kusema hivyo. Ungeniamini."

Mlangoni Bwana Wino alikuwa amesimama, amegeuza uso, na Mama Saluni analia kimya kimya kwenye kanga. Jicho alimwuliza mtoto kilipo kile alichokuwa amekiandaa. Chiriku alionyesha kwa kidevu, chini ya mto. Jicho alikitoa akampa Bwana Wino nyuma ya mgongo, naye akakitia kwenye mfuko wa ovaroli bila kukitazama, akashuka nacho ngazi.

"Nimeisoma leo," Jicho alisema. "Hadithi yako."

"Uliisoma Jumapili."

"Jumapili niliona herufi. Nilikudanganya, mwanangu, nikajidanganya na mimi. Sikuisoma."

Chiriku alivuta uzi kwenye mkono wa sweta. "Nilikaa pale kwenye stuli," akasema, "nikakuona unafika kwenye ile sehemu. Ukaweka herufi kubwa. Ukaendelea. Nikasema basi, mama amejua, na ameona ni sawa." Akaukata ule uzi. "Nikasema labda hata yeye atapumzika."

Hapo Jicho alilia. Hakulia kwa adabu. Alilia kama watu wanavyolia kwenye mazishi ambayo ratiba zake alizisahihisha bila kuzisoma. Alimvuta mtoto kifuani akamwambia hapana, hapana, si sawa, haitakuwa sawa kamwe, na kwamba hata akiacha kuandika maisha yake yote, asipate cheti kingine hata kimoja, abaki tu, abaki hivi hivi. Chiriku alikuwa mgumu mikononi mwake kama ubao. Halafu bega moja likalegea, kisha la pili.

"Sasa utanifanyaje?" akauliza.

"Sijui. Tutakwenda kwa anayejua. Sasa hivi, hivyo hivyo ulivyo."

Kwenye ngazi Chiriku alishindwa kushuka, hakuwa amekula tangu juzi. Waliketi wakashuka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, mama mbele na binti nyuma, Mama Saluni akishika mkia. Jicho hakumwachia mkono hata alipopanda gari.

Hospitali ilikuwa na benchi refu na kuta za kijani. Waliitwa mapema kuliko Jicho alivyotarajia. Muuguzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuwa na haraka. Alimuuliza Chiriku juu ya usingizi, juu ya chakula, juu ya kelele. Aliuliza lile swali zito kwa sauti ileile ya kuulizia umri, na Chiriku akajibu ndiyo. Alisema kuna daktari wa mambo haya, yuko jengo la pili, atawaona leo leo, na kwamba ugonjwa huu una dawa na una watu wa kuusikiliza, ila si wa siku moja. Jicho aliitikia kila neno kwa kichwa. Hofu haikumtoka. Alijua ingepanda naye gari kurudi, ingelala naye, na kila simu isiyopokelewa ingemwamsha. Alikuwa tayari kuishi nayo miaka yote iliyobaki, mradi huyu mtoto awepo.

"Na haya yote," muuguzi aliuliza, kalamu juu ya faili, "kabla ya leo kuna mtu uliyemwambia?"

Jicho alitazama sakafu.

"Nilimwambia mama," Chiriku alisema.

"Akafanyaje?"

Feni ilizunguka darini. Nje mtu aliitwa kwa namba, akajibu. Chiriku alimtazama mama yake, kisha akamgeukia muuguzi.

"Alichelewa," akasema. "Lakini alikuja."